Nitumie nini upande wa seva?

SWALI: Nimejifunza JavaScript peke yangu, na sasa ninatengeneza programu ya wavuti ya kutunza kumbukumbu za wanachama wa kikundi. Je, nitumie Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, au nijifunze lugha ya Python ili nitumie Django, mfumo wake wa kujengea programu za wavuti?

JIBU: Node.js, iliyotolewa mwaka 2009, itakuepusha na kujifunza lugha ya pili. Lakini kumbukumbu za watu zinahitaji akaunti, nywila zilizohifadhiwa kwa usalama na ukurasa wa msimamizi, mambo ambayo Django huja nayo tayari, ilhali kwenye Node.js utayaunganisha mwenyewe, na hapo ndipo anayejifundisha hukosea kwa urahisi. Mimi ningechagua Django. Hifadhidata iwe PostgreSQL, inayotunza taarifa katika majedwali yanayounganishwa, kwa sababu taarifa zako zinahusiana: kila mchango una mwanachama wake.