Kwa mnaoanza kuchanganya marashi: chungeni aldehidi

Wanangu, mmoja wenu kaniletea tena chupa ya asumini iliyogeuka rangi ya chungwa, anauliza kama kauziwa mafuta ya kughushi. Hayakughushiwa; ni kazi ya aldehidi, zile kemikali za harufu zinazobadilika upesi. Nawapenda na bidii yenu naiona, lakini hili nimelisema hapa Langoni hadi sauti imenikauka.

1. Pimeni kwa mizani, si kwa matone.

2. Hewa huigeuza aldehidi kuwa asidi, kwa hiyo chupa iwe ndogo, ijae hadi shingoni, iandikwe tarehe, ikae penye giza na baridi. Benzaldehidi, ile inayonukia lozi, ikiachwa wazi huota fuwele nyeupe mdomoni mwa chupa. Hiyo ni asidi benzoiki. Msiikwangue mkairudisha ndani.

3. Aldehidi na amini, yaani kemikali zenye naitrojeni, zisikutane ovyo. Hapa ndipo nilipoungua. Nilitunga marashi ya asumini kwa ajili ya harusi: haidroksisitronelali, ambayo ni aldehidi, kwa ule umajimaji wa maua meupe, methili anthranileti, ambayo ni amini, kwa utamu, vyote vibichi katika chupa moja, nikaiweka dirishani penye jua. Ikaanza kuwa manjano kama zafarani. Nikafurahi, nikadhani yanaiva. Kumbe viwili hivyo vilikuwa vinaungana kuwa kitu kipya kiitwacho besi ya Schiff, ambayo ni nzito, ina rangi kali, na inapoundwa hutoa maji. Ule ukungu chini ya chupa niliuona, sikuuuliza. Siku ya harusi mrashi ukapita, na kanzu ya bwana harusi, nyeupe pe, ikapata madoa kifuani kote. Mama yake hakunigombeza. Aliitazama tu ile kanzu, kisha akaingia ndani kutafuta nyingine, na wageni wameshakaa. Kanzu nililipa. Yale macho sikuweza kuyalipa, na kwa muda mrefu nilipita njia nyingine nisikutane naye.

Besi hiyo yenyewe si mbaya. Wenye kazi yao huitengeneza makusudi, huiita aurantioli, na harufu yake ya maua ya mchungwa hudumu sana. Mimi siku hizi naitia kwenye udi wa kupika, ambao ni mweusi tayari.

4. Liliali, aldehidi nyingine yenye harufu ya maua, mkiikuta katika fomula za zamani, iacheni: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi tangu 1 Machi 2022 kwa hofu ya kudhuru uzazi, na wateja wetu wengi ni mabibi harusi.

5. Kila mchanganyiko, kabla haujatoka nyumbani, utoneni kwenye bafta nyeupe, mwuache hadi kesho yake.