Kabla hujapokea ufunguo wa gari la watu

“Chukua tu gari, wewe ni mtu wa nyumbani.” Mama wa watoto ninaowalea aliniambia hivyo Jumamosi moja, mwezi wangu wa pili kazini, na mimi kwa furaha sikuuliza hata neno. Sentensi hiyo ilikuja kunigharimu karibu nusu ya mshahara.

Kazi yangu wengi mnaijua. Nalala kwa familia Ntinda, nalea watoto watatu, asubuhi nawaendesha hadi shule, jioni nawarudisha. Ulaya na Marekani kuna kazi inayofanana na hii, wanaiita au pair, nayo ina karatasi zake. Ujerumani saa za binti hazipiti 30 kwa wiki, Marekani hazipiti 45, na mkataba husainiwa kabla hajapanda ndege. Hapa Kampala unaletwa na shangazi, unaonyeshwa kitanda, basi umeajiriwa. Kwa hiyo usisubiri mtu akuletee masharti ya gari. Yaombe mwenyewe, na uyaombe siku ile ile unayopewa ufunguo.

Nisimulie kilichonipata. Jumapili kulikuwa na harusi kwetu Bombo, nikaenda na gari kwa ruhusa kamili. Wakati wa kurudi, kwenye foleni ya Bwaise, kijana akapita upande wa kushoto, akang'oa kioo cha pembeni kama anayechuma embe, akapotea kati ya boda. Jumatatu nikaeleza. Hakuna aliyenigombeza. Mwisho wa mwezi nikapewa bahasha, nikahesabu, nikahesabu tena. Baba wa watoto akasema kwa upole kabisa kwamba gari lilikuwa kwenye shughuli zangu. Alisema kweli. Na mimi nilisema kweli kwamba niliambiwa nichukue. Hatukuwa tumeulizana kikiharibika kitu nani atalipa, na asiyekuwa na sauti ndiye aliyelipa.

Jambo la kwanza la kuelewana ni safari ipi ni yako na ipi ni yao. Linaonekana jepesi mpaka siku unapotumwa kununua madaftari Wandegeya, ukapitia saluni dakika arobaini. Ni safari ya nani? Sisi tulikubaliana hivi: safari iliyoanza kwa ajili ya familia ni ya familia, hata nikisimama njiani kwa jambo langu dogo, mradi nimepiga simu. Iliyoanza kwa ajili yangu ni yangu, hata wakiniomba nirudi na mkate. Nyumba nyingine zitapanga vingine, sina ugomvi nazo, ila zipange.

Mafuta ndiyo yanayoleta kununiana kuliko yote, kwa sababu kila mtu ana hesabu yake kichwani. Ifanye hesabu iwe wazi. Gari letu ni Toyota Wish, na kwa foleni za hapa linakwenda kama kilomita 10 kwa lita. Ntinda hadi Bombo na kurudi ni kama kilomita 80, yaani lita nane. Petroli ikiwa karibu shilingi 5,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 40,000. Nikijua hivyo kabla, naamua kama harusi inastahili gari au nipande teksi (matatu) kama wenzangu. Mabinti wengi huambiwa “rudisha mafuta ulipoyakuta”, na ni sharti zuri, lakini ulipoyakuta ni wapi? Piga picha dashibodi unapowasha gari, geji na kilomita zionekane, piga nyingine unapozima. Usifute hizo picha. Risiti ya sheli nayo iweke kwenye kiboksi cha mbele.

Ada ya barabara ya haraka ya Entebbe, shilingi 5,000 kwa gari dogo kila unapopita, ukiwa kwenye mizunguko yako ilipe mwenyewe bila kuambiwa. Maegesho vilevile.

Faini ni habari nyingine. Tiketi ya trafiki hufuata namba ya gari, si sura ya dereva. Wewe umekwenda mbio Jumapili, mwenye gari anagundua deni baada ya wiki kadhaa anaposhughulikia mambo mengine ya gari, na hapo hata ukikana nani atakuamini? Ukisimamishwa, au ukihisi umepigwa picha, sema usiku huo huo. Aibu ya usiku mmoja ni nyepesi kuliko kuitwa sebuleni.

Halafu bima. Ile stika kwenye kioo cha mbele huwadanganya wengi. Bima ndogo, ambayo kila gari Uganda linalazimika kuwa nayo, hufidia watu walioumia au kufa. Haitengenezi gari la mwenye nyumba, na bampa la uliyemgonga haliihusu. Kwa hiyo uliza bila kuona haya: gari hili lina bima kubwa, ile inayolipia na gari lenyewe? Kama ipo, jina langu limepelekwa kwenye kampuni kama dereva? Kampuni nyingi hutaka kujua umri wa dereva na pamiti yake, yaani leseni, ina miaka mingapi, na katika bima kubwa kwa kawaida kuna kiasi ambacho mwenye gari hutoa mfukoni kwanza kabla ya kampuni kulipa. Kiasi hicho ndicho mtakachogombania siku ya ajali, basi kizungumzeni leo. Mimi nilikubali kuchangia sehemu yake kama kosa ni langu na safari ni yangu. Kioo kikiibwa kwenye foleni, tunagawana. (Ndiyo, nilidai hilo kwa sababu ya Bwaise, na nilidai kwa sauti.)

Abiria. Ukishaonekana na gari, simu yako haitanyamaza. Binamu anaomba lifti, jirani wa kanisani anaomba lifti, shangazi aliyekutafutia kazi anaona lifti ni haki yake. Uliza nani anaruhusiwa kukaa ndani ya gari, kisha wewe upate cha kujibu: “Wenye gari wamekataa.” Na kamwe usipokee hela ya kumpeleka mtu uwanja wa ndege. Hapo umeligeuza gari la familia kuwa speshoo, yaani gari la kukodi, na bima ya gari binafsi haitakujua ukipata ajali. Namjua aliyefukuzwa kwa shilingi 60,000 za namna hiyo.

Kiti cha mtoto ukikitoa ili shangazi akae, kirudishe na ukifunge jioni hiyo. Jumatatu asubuhi hakuna muda, na mtoto wa miaka mitatu hakufai kumfunga mkanda wa mtu mzima.

Usiku, gari letu linalala ndani ya geti la nyumba kabla ya saa tatu, si kwa rafiki, si kwetu Bombo. Nikichelewa, napiga simu. Kunywa sinywi, lakini kwa wanaokunywa: kawunyemu, polisi wanaopima ulevi wa madereva, hawachagui, huwa barabarani hasa usiku wa wikendi, na kiwango cha sheria ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Katika gari la mwajiri usijaribu kupima umebakiza ngapi.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Nyumba nyingi binti ni wa mama, gari ni la baba. Ukimuuliza mmoja, mwingine atasema hakujua. Ngoja wakae wote, watoto wamelala, chai imeshuka. Mimi nilisema: “Baba, Mama, naomba mnielekeze kuhusu gari, nisije nikawakosea.” Ukiomba kuelekezwa hakuna atakayeona unadai. Kesho yake nikawaandikia wote wawili kwa WhatsApp yale tuliyosema, mistari sita, Mama akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba hicho ninacho hadi leo.

Wewe unayekwenda nje, haya yote nenda nayo, ongeza mawili. Kule Ujerumani na Marekani huendeshwa upande wa kulia, kwa hiyo omba wiki mbili za kufundishwa na mwenyeji kabla ya kubeba mtoto wake. Na Ujerumani leseni ya kigeni hutumika miezi sita tu tangu uanze kuishi huko, baada ya hapo unahitaji ya kwao. Uliza mapema nani ataigharamia, kwa sababu si rahisi.

Wiki iliyopita niliomba gari niende Bombo kwenye hitima. Baba hakuinua macho kwenye gazeti. “Geji iko wapi?” Nikamwonyesha picha, akanisogezea ufunguo.