Re: Samariamu iko +3 tayari, inatoaje elektroni tena?

Mkuu swali lako tamu, kwamba metali (samariamu, Sm) ishafika +3, yaani ishapoteza elektroni 3, sasa hiyo elektroni inatoka wapi? Haitoki kwenye metali kabisa, inatoka kwenye ligandi, yaani kile kinachoshikamana na metali. Ile C5Me5, pete ya kaboni 5 yenye methaili (CH3) 5 ubavuni, watu walizoea kuiona kama mpangaji mtulivu, inashika metali inakaa kimya. Na hesabu ya pembe ilisema pete tatu haziwezi kuenea kwenye metali moja, maana kila moja inataka kama digrii 142 na duara ukiligawa kwa tatu unapata 120 tu. Basi 1991 William Evans na wenzake kule Irvine, California wakaipata (C5Me5)3Sm hivyo hivyo, pete tatu kwenye samariamu moja, zimebanana kama abiria watatu siti ya wawili, vifungo vya Sm na kaboni vimevutika hadi wastani wa pikomita 282 hivi.

Hapo ndo utamu. Ukiiletea C8H8 (pete ya kaboni 8), pete mbili za C5Me5 zinatoa elektroni moja moja, zinaachia metali na kuungana zenyewe kuwa (C5Me5)2, C8H8 inachukua zile elektroni 2 na kukaa pale zilipokuwa, samariamu bado iko +3 haijaguswa!! Hata ile yenye lanthanamu (metali ndugu yake) ligandi zake zinaweza kutoa elektroni kwa njia hii, na lanthanamu ni ngumu sana kushuka +2, kwahiyo usiisingizie metali.

Ah na hiyo (C5Me5)3Sm usiiyeyushe kwenye THF (kiyeyushi ambacho molekuli yake ni pete), inaifungua pete ya kiyeyushi chenyewe.