Kifaransa au Kiholanzi? Mdogo wangu, kwanza niambie mtakaa mji gani

Juzi kuna binti kanitumia meseji inboksi. "Shikamoo dada, mwakani namfuata mume wangu Ubelgiji, nataka nianze lugha mapema, nianze na Kifaransa au Kidachi? Kipi rahisi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza achana na hilo neno Kidachi. Kwa bibi yangu Tanga Mdachi ni Mjerumani, yule aliyejenga reli akatuachia na neno shule. Huku ni Kiholanzi, na wenyeji wa Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, wengine watakwambia Kiflemi, ila kwenye makaratasi ya serikali ni Kiholanzi hichohicho cha Amsterdam kwa lafudhi nyingine.

Nakujibu hadharani kwa sababu wiki iliyopita nimesaini mkataba wa kudumu kwenye nyumba ya wazee hapa Gent, baada ya miaka saba ya vibarua na mikataba ya miezi mitatu mitatu, kwahiyo leo mniache niringe kidogo.

Mwenzenu nilikuja na Kifaransa. Miaka miwili nilisoma Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa, pale Dar, ada analipa kaka yangu ambaye alikuwa na bodaboda moja tu, na kila mtu kwetu alikuwa anajua Ubelgiji ni Kifaransa basi, si ndo waliotawala Kongo? Hakuna aliyeniambia kwamba nchi imekatwa katikati. Kaskazini Flanders, Kiholanzi. Kusini Wallonia, Kifaransa. Brussels lugha zote mbili, halafu mashariki kuna kipande kidogo cha Kijerumani. Mpaka wenyewe waliuchora kisheria mwaka 1962, na ukiuvuka hata mabango yanageuka.

Hayo mabango ndo yalinifunza adabu ya kwanza. Nilikuwa stesheni ya Leuven, upande wa Flanders, nakwenda Liège kwa shangazi wa mume wangu, nimebeba sambusa za moto kwenye hotpoti, natafuta Liège kwenye ubao sioni. Treni ikaja imeandikwa Luik, nikaiangalia ikaja, nikaiangalia ikaondoka. Nikamuuliza mama mmoja, akacheka mpaka akashika nguzo: Luik ndo Liège. Mons ni Bergen, Tournai ni Doornik, hata Lille ambayo ipo Ufaransa huku barabarani wameandika Rijsel. Sambusa zilifika zimepoa.

Na hapohapo Leuven mwaka 1968 chuo kikuu kiligawanyika kwa sababu ya lugha, wa Kifaransa wakahama wakaenda kujengewa mji mpya kabisa, Louvain-la-Neuve. Vitabu vya maktaba wakavigawa kwa namba, witiri vikabaki, shufwa vikaondoka. Watu waliogawana vitabu hivyo halafu wewe unaingia na bonjour yako unadhani watakukumbatia?

Mimi niliingia nayo. Intavyuu yangu ya kwanza, sitataja ni wapi, nimevaa koti la kuazima, nimejieleza kwa Kifaransa safi nilichokilipia. Yule meneja akanisikiliza dakika mbili, akanijibu kwa Kifaransa kizuri tu kuliko changu, kwamba kwa lugha hiyo nikajaribu Brussels. Kwa upole, anatabasamu kabisa. Nilishuka ngazi nawaza bodaboda ya kaka. Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Sasa swali lako, kipi rahisi. Ukweli ni kwamba kila kimoja kina mtego wake. Kifaransa kinakudanganya kwenye herufi, unaandika ils parlent, wanaongea, unasoma kama il parle, anaongea, nusu ya neno ipo pale kama mapambo. Kiholanzi kinasomwa karibu kama kilivyoandikwa, na ukijua Kiingereza maneno mengi ni ndugu zake, water, boek, melk, wiki ya kwanza unajiona umemaliza. Halafu sentensi inakuja, ndo unajua hujui.

Kitenzi chao wanakirusha mwisho. Sisi kwenye Kiswahili kila kitu kipo mlangoni, sitakuja, ukisikia "si" tu umeshajua habari. Kifaransa nacho angalau wana ne yao ya kukanusha mapema, japo wenyewe wakiongea haraka wanaimeza. Kiholanzi ukanusho unaweza kukaa mbali huko umeshakata tamaa. Bosi wangu jioni moja aliniambia je moet morgen niet komen. Mimi nimesikia moet, lazima, nimesikia morgen, kesho, nikaitikia ja ja nikaondoka. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipo mlangoni, baridi, giza, nimevaa yunifomu. Kumbe ile niet ndo "si" yao, kesho huna haja ya kuja, alikuwa ananipa siku ya kupumzika. Nilifika kazini kupumzika.

Namba ndo usiseme. Thelathini na tano kwao ni tano na thelathini, vijfendertig, nikaandika 53, nikapeleka kiti cha magurudumu chumba cha babu mwingine kabisa ambaye naye bila kuuliza akapanda akakaa. Tulifika mpaka bustanini. Nilikuja kuzoea siku niliyomkumbuka bibi, wale wazee wa Tanga walikuwa wakihesabu hamsa wa ishirini, ndo mtindo huohuo wa Kiarabu. Kumbe nilikuwa nao nyumbani. Wa Kifaransa wao wana balaa la themanini, nne mara ishirini, ila Wabelgiji wana huruma, sabini wanasema septante na tisini nonante, sio zile hesabu za Paris.

Matamshi, hapa watu wa pwani tuna bahati na nitasema. G ya Flanders ni gh yetu ya ghali na ghorofa, tena r ya Kifaransa nayo inakaa humohumo kooni, kwahiyo nyie mnaosema "gali" na "gorofa" anzeni mazoezi leo. Kinachotumaliza sote ni ile u nyembamba. Kifaransa nilikuwa naiweza, rue, tu, mwalimu alitupigisha mdomo kama tunapuliza jiko. Ila macho yangu yakiona uu kwenye Kiholanzi yanasoma u ya Kiswahili. Nikaenda kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, kafungua mlango na mke wake, nikasema nimekuja kwa ajili ya huur, kodi. Nilichotamka ni hoer. Nimekuja kwa ajili ya malaya. Mke akamgeukia mume.

Ushauri wangu basi ni huu, ng'ang'ania. Wabelgiji wa huku wana ugonjwa mmoja, ukikosea kidogo wanahamia Kiingereza, wanakuonea huruma, na hiyo huruma itakumaliza, utakaa miaka kumi unaagiza mkate kwa Kiingereza. Kataa. Sema Nederlands, alstublieft, yaani Kiholanzi tafadhali, kisha kosea mbele yao, wacha foleni isubiri. Wakirudi Kiingereza, ng'ang'ania tena. Nawajua dada zetu wapo Antwerp miaka kumi na mbili, wakienda kwa daktari wanabeba mtoto wa darasa la nne akatafsiri ugonjwa wa mama yake. Jamani! Mtoto wa miaka tisa anaulizwa mama anatokwa damu siku ngapi. Halafu tunasema lugha ngumu, lakini tamthilia za Kituruki hatukosi hata siku moja, tuache utani.

Na usikitupe Kifaransa, hapo ndo nimechelewa kuelewa. Gent ya zamani familia za wenye nacho zilikuwa zinaongea Kifaransa nyumbani, Kiholanzi ni cha kwa mpishi na sokoni. Chuo kikuu cha hapa kimegeuzwa cha Kiholanzi mwaka 1930. Mwandishi Maeterlinck, mzaliwa wa Gent huyo, Nobel yake ya fasihi ya 1911 kaipata kwa kuandika Kifaransa. Sasa kuna bibi yetu mmoja pale kazini, tisini na kitu, kumbukumbu zinamtoka, na Kiholanzi kimetangulia kutoka. Usiku anaita, wenzangu vijana wanamjibu Kiholanzi, Kifaransa cha shule walishakisahau, yeye anazidi kulia. Nikaingia nikasikia j'ai froid, nasikia baridi, nikamjibu kwa Kifaransa cha Alliance, nikamuongezea blanketi. Akanishika mkono akaniuliza kama mimi ndo yule msichana mpya wa kazi wa mama yake. Nikamwambia oui, madame. Sasa akianza kulia shifti ya usiku wananiita mimi, na meneja alipokuwa ananipa ule mkataba usainiwe alilitaja hilo kwanza kabla ya cheti changu cha lugha cha ngazi ya B2.

Kwahiyo mdogo wangu nilikuuliza mtakaa mji gani, ukajibu mume anasema "karibu na Brussels". Halle ni karibu na Brussels, Kiholanzi. Waterloo nayo ni karibu na Brussels, Kifaransa, na kutoka moja kwenda nyingine kwa gari ni kama dakika ishirini tu. Muulize tena akutumie jina kama lilivyo kwenye bango.