"Gesi ya haradali", vipele na wahanga: swali la mtafsiri wa Njiro

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri mwongozo wa huduma ya kwanza kwa mafunzo ya wauguzi hapa Arusha, na kuna ukurasa mmoja wa silaha za kemikali. Nimeandika: "Gesi ya haradali huunguza ngozi papo hapo, hutoa vipele vya usaha na kupofusha macho. Sugua sehemu iliyoathirika kwa maji. Wahanga wafunikwe mablanketi." Mwenzangu anasema sahihi ni "haradali ya kiberiti". Nani yuko sahihi? Na niseme "athari" au "madhara"? (Msomaji, Njiro)

JIBU: Marahaba. Jina ndilo lenye tatizo dogo kuliko yote kwenye ukurasa wako, kwa hiyo tulimalize kwanza. Mwenzako anajua kamusi: kiberiti ni salfa pia, na wasomaji wa Biblia wanakikumbuka kwenye moto wa Sodoma. Lakini muuguzi wa leo akisoma "kiberiti" ataona njiti za kuwashia jiko. Andika "haradali ya salfa". Salfa ni neno lililokwisha kuzoeleka. Wakulima wa korosho wa kusini wanalitamka kila msimu.

"Gesi ya haradali" ndiyo inayojulikana zaidi, nawe huwezi kuifuta. Itaje mara moja, kisha sema waziwazi kwamba haihusiani na mmea wa haradali ila kwa harufu, ambayo wengine huifananisha na kitunguu saumu, na kwamba si gesi. Ni kimiminika kizito chenye asili ya mafuta. Ikiwa safi huganda kwenye nyuzi 14 hivi za Selsiasi, maana yake asubuhi ya Julai hapo Njiro inaweza kukaa imeganda kama mafuta ya nazi kwenye chupa, kisha jua likipanda ikayeyuka na kuanza kutoa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na kwenye mahandaki.

Nasisitiza hili kwa sababu neno "gesi" humfanya msomaji adhani upepo ukishapita, hatari nayo imepita. Kumbe imo kwenye shati, kwenye nywele, kwenye kamba za viatu. Tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia, na meli moja ya Marekani ilikuwa imebeba mabomu ya sumu hii kwa siri. Mabaharia walioopolewa wakiwa wametapakaa mafuta ya meli yaliyochanganyika na sumu hiyo walifunikwa mablanketi juu ya nguo zao mbichi, kwa nia njema kabisa. Zaidi ya 80 walikufa hospitalini. Sasa isome tena sentensi yako ya mwisho. Iwe: "Majeruhi wavuliwe nguo zote kwanza, waoshwe, ndipo wafunikwe." Ongeza kwamba nguo ya kuvulia kichwani ikatwe kwa mkasi, isije ikapitishwa usoni, na kwamba mwenye kuvua avae glavu na kujikinga mwenyewe.

"Papo hapo" nalo liondoe. Sumu huingia ngozini na kuanza kuharibu seli ndani ya dakika chache, lakini mtu hasikii maumivu. Dalili hujitokeza baadaye, kwa kawaida kati ya saa 2 na 24. Kuosha kunafaa zaidi dakika ya kwanza au ya pili, wakati majeruhi bado anakuambia hana tatizo. Msomaji wa "papo hapo" atamruhusu aende nyumbani. (Na andika "muda wa saa 2", si "saa 2" tupu, kwetu saa mbili ni wakati wa chai.)

"Sugua" ni kosa jingine. Kusugua hutandaza sumu na kuchubua ngozi iliyokwisha kudhoofika. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha: tone linaloonekana "linyonye" kwa kitambaa bila kuburuta, kisha "osha" kwa sabuni na maji tele, halafu "suuza". Pasipo maji, nyunyizia unga wa ngano unyonye, kisha upanguse kwa karatasi mbichi. Macho husuuzwa kwa maji safi tu, bila kuchelewa.

Kuhusu "huunguza": anayesoma kwamba mgonjwa ameungua atapiga hesabu ya dripu ya aliyeungua moto. Mgonjwa huyu hapotezi maji kiasi hicho, na dripu ikizidi mapafu yanaweza kujaa maji. Mimi ningeandika "hubabua ngozi na kuotesha malengelenge". Sehemu zenye jasho ndizo hubabuka zaidi: kwapani, kinenani, mikunjo ya shingo. Wala si "vipele vya usaha". Kipele ni kidogo na kigumu. Lengelenge limejaa maji, na hapa maji yake ni ya manjano. Usaha ni dalili ya maambukizi, nao ukitokea ni jambo jingine la kutibiwa. Muuguzi aambiwe pia kwamba maji ya lengelenge hayana sumu tena, asije akaogopa kumhudumia mtu aliyekwisha kuoshwa. Malengelenge "yasitumbuliwe" na mtoa huduma ya kwanza. "Yakitumbuka" yenyewe, yasafishwe na kufunikwa.

"Kupofusha" ni kutisha watu. Walio wengi hushindwa kufumbua macho kwa sababu kope zimevimba na mwanga unachoma, na baada ya siku au majuma huona tena. Andika "hushindwa kufumbua macho kwa muda". Wachache huharibika konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, wengine baada ya miaka mingi, kama ilivyoonekana Iran kwa manusura wa vita na Iraki vya 1980 hadi 1988. Hao pia wana kikohozi sugu na mapafu mabovu. Saratani iongezwe kwenye orodha. Sumu hii imethibitishwa kuisababisha.

Athari au madhara? Athari ni badiliko lolote, liwe jema au baya. Madhara ni baya tu. Kwa ukurasa wako "madhara" ndilo linalofaa, na nitakupa mfano unaoonyesha mpaka wenyewe. Sumu hii hushusha chembe nyeupe za damu, na muuguzi anapaswa kupima damu kila siku kwa majuma mawili ya mwanzo. Athari hiyohiyo iliwafanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1942 wajaribu ndugu yake, haradali ya naitrojeni, kwa mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu. Dawa ya saiklofosfamidi inayotumika hadi leo imetoka katika ukoo huo.

Bado "wahanga". Mhanga ni aliyejitoa au aliyetolewa sadaka. Magazeti yamelizoesha kwa kila aliyepatwa na ajali, nami sina nguvu za kupigana na magazeti, ila kwenye mwongozo wa tiba tumia "majeruhi" kwa anayehudumiwa na "manusura" kwa anayeishi na makovu. "Waathirika" lingefaa kwa wote wawili, lakini hapa Tanzania watu hulisikia wakafikiria virusi vya UKIMWI, na wauguzi wako watajikuta wanauliza swali ambalo halimo.