Kigari cha gofu cha petroli kikisumbua, anzia kwenye pedeli kabla ya kabureta

Ukimpa fundi wa pikipiki hapa Mwanza kigari cha gofu kinachozimazima, mara nyingi atachukua bisibisi moja kwa moja na kupandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa haijakanyagwa. Simlaumu, kwenye bodaboda dawa hiyo hufanya kazi. Ila vigari vingi vya petroli vya zamani, kama Club Car DS au EZGO za miaka ya 90, havikai sailensa. Ukiachia pedeli, injini inazima, na ndivyo vilivyotengenezwa. Ukikanyaga, swichi ndogo iliyounganishwa na pedeli inaamsha stata, injini inazunguka, kebo inafungua kabureta (inayochanganya hewa na petroli), safari inaanza.

Mimi natunza mitambo kwenye hoteli ya ufukweni upande wa Luchelele. Kigari chetu cha kubebea wageni na mizigo ni DS yenye injini ya Kawasaki FE290, cc 286. Tangu nimeanza kukihudumia, lawama nyingi zilizopelekwa kwenye kabureta zilikuwa za kitu kingine.

Chukua ule mlio wa risasi unapoachia pedeli, unaowafanya wageni wageuke. Ndani ya kabureta kuna kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Skrubu ya sailensa ikikazwa kupita kiasi, au kebo ikivuta sana, kile kibati hakifungi sawasawa. Unaachia pedeli, moto wa plagi unakatika, lakini injini bado inazunguka na inaendelea kunyonya petroli. Petroli hiyo inatoka mbichi hadi kwenye ekzosi ya moto, na hapo ndipo inapolipuka. Kabureta unaweza kuiosha mpaka ing'ae, risasi zitaendelea.

Kwa hiyo chomoa betri, ukianza na waya wa hasi, kisha weka vizuizi kwenye magurudumu. Usiliruke hili, kwa sababu kwenye mashine hii pedeli ndiyo inayowasha. Mwite mwenzako akanyage polepole huku wewe umeinama nyuma unaangalia. Unatakiwa usikie swichi ikilia "tik" kwanza, ndipo kibati kianze kusogea. Akikanyaga hadi mwisho kifunguke chote. Akiachia kirudi na kufunga kabisa kabla swichi haijakata. Kama mpangilio ni tofauti, rekebisha nati za kebo. Kama kibati kinarudi kwa kusitasita, chomoa kebo na uivute kwa mkono. Huku kwetu unyevu na matope huingia upande wa chini, waya unaota kutu ndani ya ganda lake. Kulainisha kwa oili kunasaidia wiki chache; kebo yenye kutu ni ya kubadilisha. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, upime urefu wa waya na wa ganda pia.

Baada ya hapo fuata petroli. Kigari cha hoteli kinaweza kulala wiki nzima msimu ukiwa mbaya, halafu mtu anakijazia petroli ya chupa aliyonunua njiani. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Kinga na glasi ya uwazi, acha itulie. Maji yakiwemo utayaona chini kabisa, matone ya mviringo yanayoteleza ukiinamisha glasi, hayachanganyiki na petroli hata ukitikisa. Ukiyaona, mwaga tangi lote na ubadilishe filta ya mafuta.

Kigari kikienda vizuri kwa muda halafu kikakata, legeza mfuniko wa tangi. Kikipata nguvu tena, tundu la kupumulia limeziba. Kama sivyo, angalia pampu. Haina umeme, inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye injini kupitia mpira mwembamba, na mpira huo ukipasuka hata kidogo, petroli haifiki ingawa tangi limejaa. Vuta pia kijiti cha oili ukinuse. Oili ikinuka petroli, huenda utando wa pampu umetoboka, au sindano ya boya, ile inayofunga petroli kikombe cha kabureta kikijaa, haifungi. Usiendeshe mpaka umemaliza hilo, umemwaga oili na kuweka mpya.

Sasa ndiyo ufungue kabureta. Dalili yake ya kweli ni kigari kwenda vizuri choki (kibati cha kubana hewa) ikiwa nusu na kufa ukiifungua. Hapo petroli ni pungufu, na mara nyingi jeti, kitundu chembamba cha kupitisha petroli, ndiyo imeziba. Piga picha kila hatua. Skrubu ya mchanganyiko, kabla hujaitoa, ikaze taratibu huku unahesabu mizunguko mpaka ikae, ili uirudishe palepale. Jeti ni za shaba nyeupe laini, kwa hiyo usizichokonoe kwa waya wa chuma. Tumia unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, halafu upulizie kwa kompresa kwa fundi wa pancha. Toa boya na vitu vya mpira kwanza. Boya litikise sikioni: likisikika na petroli ndani, limekwisha. Sindano ikiwa na alama ya duara kwenye ncha, badilisha.

Plagi nyeusi yenye masizi inasema kinyume: petroli ni nyingi. Tazama choki isije ikawa imekwama, kisha filta ya hewa. Sisi wa ziwani tuna wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi wa mkaa, wakipeperushwa nchi kavu wanaingia kila mahali. Nimewahi kufungua filta nikakuta wamegandamana na vumbi kama ukoko. Mwanza pia iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, hivyo filta chafu inazidisha tatizo haraka. Weka plagi mpya, uwazi wa milimita 0.7 hadi 0.8, uone rangi yake baada ya siku kadhaa.

Kasi ikiwa ndogo na yote hayo ni mazima, angalia mkanda na breki zinazoshika. Gavana, kidhibiti cha mwendo, usiiguse. Vijana wataomba uilegeze kipite zile kilomita ishirini na kidogo kwa saa, lakini DS ina breki za nyuma tu, na kutoka getini kwetu hadi ufukweni ni mteremko mtupu.