Hamu ya kushona ikikata, geuza nguo ya mwenzio nje ndani

Dada, nimeusoma ujumbe wako wote. Unasema cherehani yako imefunikwa shuka muda mrefu sasa, vitambaa vimejaa kabatini, na kila ukiona magauni ya wenzako wanaoshona nyumbani kama wewe, badala ya kupata moto unaishiwa nguvu. Umeuliza pia kama kuiga mshono wa mtu ni wizi, na una gauni la drafti, kitambaa cha miraba, lililokwama kwenye zipu. Mimi si fundi wa biashara. Nashona nyumbani, navaa mwenyewe na kuwavalisha wa kwangu, basi chukua haya kama maneno ya mshonaji mwenzio.

Naona shida iko kwenye kile unachokitazama. Unatazama gauni lililokwisha, limenyooshwa pasi, mwenye nalo kasimama upande unaompendeza. Hapo utasifia, utaumia roho kidogo, utaondoka. Mshonaji wa nyumbani ana kitu ambacho majarida ya mitindo hayana: anaulizika. Muulize alianza na paterni ipi, yaani karatasi ya kukatia nguo, alibadilisha wapi, kitambaa kilimgomea sehemu gani, na akishona tena atafanya nini tofauti. Hilo swali la mwisho usiliache. Kwa jibu lake nimeshona nguo nyingi kuliko kwa picha yoyote.

Halafu acha kutafuta mwenye mtindo unaoupenda, tafuta mwenye mwili kama wako. Paterni nyingi za kampuni kubwa za Marekani huchorwa kwa mwanamke ambaye kipimo cha kifua kamili kinazidi kile cha juu ya matiti, kwapani, kwa inchi 2 hivi. Mwenye matiti makubwa zaidi ya hapo akichagua saizi kwa kifua kamili, mbele patamtosha ila mabega yatapwaya na shingo itaachia. Dawa yake ni kuchagua saizi kwa kipimo cha juu, kisha kupanua kipande cha mbele peke yake. Vitabu vimelieleza hili vizuri tu. Lakini kulisoma ni jambo moja, na kuliona juu ya mtu mliyelingana umbo ni jambo jingine kabisa.

Mimi mgongo wangu umebonyea kiunoni, magauni hunikusanyia mikunjo juu ya makalio. Katika kikundi tunachoshona pamoja yupo mwenzangu mwenye mgongo huohuo. Siku moja alivaa gauni la majaribio alilolishona kwa shuka kuukuu, akatugeuzia mgongo, akasema, "Nibaneni hapo." Tukakibana kile kitambaa cha ziada kwa mlalo, pale kiunoni, tukakichoma pini: katikati ya mgongo kama sentimita 2, tukipunguza taratibu hadi kuishia sifuri kwenye mishono ya ubavuni. Akalivua, akapima mkunjo, akaukunja vilevile kwenye karatasi ya paterni, akaunyoosha upya mstari wa katikati ya mgongo kwa rula. Basi. Nilirudi nyumbani na hamu ya kushona gauni, na sikuwa nimeona gauni lolote zuri siku hiyo, ni shuka lenye pini.

Ndiyo maana nasema geuza nguo nje ndani. Kwenye kikundi hichohicho kuna mama mmoja ambaye blauzi zake kwa nje utazipita bila kugeuka. Ndani sasa! Hana ovaloki, ile mashine ya kuzuia kingo zisichambuke, kwa hiyo kila mshono anaushona mara mbili: kwanza pande za ndani za kitambaa zikiwa zimetazamana, anapunguza ukingo ubaki milimita 3 hivi, anageuza, anashona tena, nyuzi zote zinafungiwa ndani hata usione inapochambuka. Kwapani, ambako mshono umepinda na njia hiyo inasumbua, amezungushia utepe uliokatwa kimshazari kutoka kwenye mabaki ya gauni jingine la maua. Blauzi ni nyeupe tupu, na hayo maua anayajua yeye na pasi yake. Sikutamani ile blauzi. Nilitamani ule mshono, na nikaenda kuufanyia kazi kwenye nguo yangu niliyokuwa nimeitelekeza.

Kitu kingine kinachowasha moto ni kushona paterni moja na wenzio, kila mtu na kitambaa chake. Sisi tulichagua sketi ya vipande 6 kutoka jarida la Burda. (Kama hujawahi kuzitumia: lile jarida limekuwa likitoa paterni ndani yake tangu 1952. Zimechorwa moja juu ya nyingine kwenye karatasi kubwa hadi macho yanazunguka, lazima uitoe yako kwa karatasi ya kufuatishia, na akiba ya mshono, ule ukingo unaobaki nje ya mstari wa kushonea, unaongeza mwenyewe. Ukizoea paterni za Kimarekani ambazo akiba ya sentimita 1.5 imeshawekwa, jihadhari hapo.) Yangu niliikata kwa jinzi, ikasimama kama kengele. Mwenzangu aliikata kwa krepu laini, ikamwangukia miguuni, huwezi kuamini ni karatasi ileile. Wa tatu alikuwa na kitani, naye alilalamika mikunjo tangu mwanzo hadi mwisho, ila ndiye anayeivaa sana. Kwa sketi hizo tatu nilielewa tabia za vitambaa kuliko nilivyoelewa kwa kuambiwa. Tena humwonei mtu kijicho, maana kila mmoja anapigana na lake.

Mashindano ya kushona nguo kila wiki mimi siyapendi, nikwambie ukweli. Wapo yanaowasaidia. Niliowaona wengi huishia na nguo zilizoshonwa mbiombio zisizovaliwa.

Sasa hilo la wizi. Wapo wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama huko Marekani, ambao blanketi zao za viraka zilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, mwaka 2002. Wengi wao hutumia mpangilio mmoja uitwao Housetop: kiraka katikati, kisha vipande virefu vinakizunguka, mzunguko juu ya mzunguko. Mama kamfundisha binti, jirani kaona kwa jirani, vizazi na vizazi. Na bado hutakuta mbili zinazofanana, kwa sababu kila mmoja alishona kwa alichokuwa nacho, mara nyingi nguo za kazi zilizochakaa, zikiwemo jinzi ambazo rangi imebaki pale tu mfuko ulipobandikwa. Huo ni wizi? Mimi naona paterni inayouzwa inunuliwe, usiitoe nakala ukagawa, kuna mtu ameifanyia kazi. Lakini umbo la mfuko, namna ya kola kulala, wazo la kuweka marinda mgongoni badala ya mbele, hayo iga, kisha mtaje uliyemwiga. Ukiyatia kwenye mwili wako na kitambaa chako yatabadilika yenyewe, utake usitake.

Na wewe peleka zako zikiwa hazijaisha. Najua unaona haya. Ila nguo iliyokwisha hupewa hongera tu, ambayo haibadilishi lolote. Nguo yenye pini na bandi, ule mshono wa muda wa mkono, watu huinamia, wanaishika, wanabishana, na mara nyingi anayekusaidia ndiye anayeondoka na wazo jipya.

Tuanze na hilo la drafti basi, maana umesema mistari ya kulia na kushoto haikutani. Fumua upande mmoja tu wa zipu, ule mwingine uache ulivyo. Funga zipu. Kwenye utepe wa upande ulioufumua, weka alama ya chaki kila mahali mstari mnene wa kitambaa cha upande ulioshonwa unapogusa. Fungua zipu, linganisha alama hizo na mistari ya upande wa pili, upige bandi kwa mkono kwa hatua fupifupi, pini peke yake zitateleza. Funga tena uangalie. Ikikaa sawa, shona kwa cherehani kutoka chini kwenda juu, polepole, bila kuvuta kitambaa. Mstari wa kiunoni ndio unaoonekana zaidi, kwa hiyo kama kuna sehemu italazimika kupishana kidogo, iwe kule chini karibu na mwisho wa zipu. Ukifika kwenye bandi tuma picha ya upande wa ndani, tuitazame.